Droni Ilipofuata Tanga la Mtu Mwingine: Uchambuzi wa Kisa cha Filamu ya Baharini

Kisa hiki kinahusu timu ya watu wanne iliyokwenda kupiga filamu fupi ya maisha ya fundi wa ngalawa katika kijiji kimoja cha mwambao wa Tanzania. Nimeondoa majina, kijiji, shirika lililolipia kazi na aina za droni tulizotumia. Mpangilio wa matukio nimeuacha ulivyokuwa. Mimi nilikuwa msaidizi wa rubani, yule anayeangalia angani wakati rubani anaangalia skrini, na baadaye nikawa mhariri wa filamu yenyewe. Kwa hiyo kosa letu nimeliona mara mbili: kwanza likitokea hewani, kisha kwenye kompyuta, fremu baada ya fremu.

Usuli

Mwongozaji alikuja na shoti tatu ambazo alisema bila hizo hakuna filamu. Ya kwanza ni ufuo mmoja ukionekana maji yakiwa makavu na yakiwa yamejaa, kamera ikipita njia ile ile mara zote mbili, ili ngalawa iliyolala mchangani ionekane inaelea bila kukata picha. Ya pili ni ngalawa baharini, kamera ikienda nayo ubavuni, chini chini, karibu na tanga. Ya tatu ni mzunguko wa taratibu kuizunguka ngalawa mpya inayochongwa chini ya mwembe.

Tulikuwa na siku tatu, mwezi wa saba, kusi ikivuma. Vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vya Bodi ya Filamu vilishughulikiwa kabla ya safari, na sitavizungumzia zaidi.

Droni zilikuwa tatu. Nitaziita Kubwa, Ndogo na Kongwe. Kubwa ilikuwa na vihisi vya vizuizi pande zote, lenzi mbili, uwezo wa kufuata kitu na uwezo wa kuhifadhi njia na kuipita tena. Ndogo ilikuwa na uzito chini ya gramu 250, vihisi vya mbele, nyuma na chini, na uwezo wa kufuata, lakini haikuhifadhi njia. Kongwe ilikuwa na shoti za tayari tu: unabonyeza, inarudi nyuma huku ikipanda, au inazunguka duara, basi.

Uwezo wa droni ya kamera kufuata kitu kwa kukitazama uliingia kwenye mikono ya watu wengi mwaka 2016, kampuni ya DJI ilipotoa droni ya Phantom 4 yenye ActiveTrack, jina lake la uwezo huo. Mwaka 2019 ikaja Skydio 2 na kamera zake sita za kuongozea, ikawa ndiyo kipimo cha kupita katikati ya matawi bila kugusa, hadi kampuni ya Skydio ilipoacha soko la watumiaji wa kawaida Agosti 2023. Siku hizi karibu kila droni inatangazwa kwa maneno yale yale matatu: inafuata, inakwepa, inarudi yenyewe. Nasi tulizilinganisha zetu kwa maneno hayo hayo. Hatukujiuliza inafuata kwa kushika nini, wala inarudi kwa kushika nini.

Jaribio la uwanjani

Wiki moja kabla ya safari tulikwenda kwenye kiwanja cha mpira cha shule. Kijana mmoja alipanda pikipiki, akazunguka kiwanja, kisha akapita nyuma ya mikorosho mitatu iliyo kando ya goli. Nilikuwa na daftari, naandika alama.

Kubwa ilimfuata vizuri mno. Alipojificha nyuma ya mkorosho wa kwanza ilimpoteza, ikabahatisha atatokea wapi, ikamkamata tena. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu pia. Ndogo ilimkamata baada ya mti wa kwanza, lakini alipofika kwenye wa pili ikampoteza, ikasimama hewani, ikasubiri. Pia tulipoweka picha ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde, ambazo Mwongozaji alizitaka ili apunguze kasi ya matone ya maji, Ndogo ilikataa kufuata kabisa, kitufe kikafifia. Kongwe ilipiga shoti zake nzuri za duara, lakini pikipiki haikuwa na habari nayo.

Kwenye daftari, mbele ya jina la Ndogo, niliandika: "hupoteza, husimama." Nikaipa alama mbili kati ya tano. Ukurasa ule bado ninao, na kila nikiufungua naona ndipo kazi ilipoanza kwenda mrama.

Uamuzi ukawa Kubwa ndiyo ya baharini, na itafuata ngalawa yenyewe ili rubani ashughulike na sura ya picha. Ndogo iende kama akiba. Kongwe ibaki nyumbani. Sababu zetu hazikuwa za kijinga: kusi ina nguvu na droni nzito huhimili upepo zaidi, vihisi vya pande zote vingetulinda na mlingoti, na alama zilikuwa wazi. Ila tulikuwa tumepima kitu cheusi kinachokimbia juu ya nyasi za kijani, halafu tukajiaminisha kwamba tumepima bahari.

Siku ya kwanza: ufukweni

Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Saa nne na nusu asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali. Tuliiweka Kubwa juu ya mchanga karibu na jiwe lililokuwa wazi, rubani akaipitisha njia polepole kwa mkono, akahifadhi vituo saba, kisha akairudisha ipite yenyewe. Ilipita kama imewekwa kwenye reli.

Saa kumi na nusu jioni maji yalikuwa yamejaa, na mahali pa asubuhi palikuwa chini ya bahari. Tukarushia kwenye ngazi za soko la samaki. Rubani akaifungua njia ya asubuhi, akabonyeza, ikapita. Kwenye skrini ndogo ya rimoti kila mtu aliridhika.

Usiku nilipozipandisha klipu mbili moja juu ya nyingine, minazi haikukutana. Ya jioni ilikuwa imepigwa kutoka juu zaidi, kwa kimo cha mtu mzima na ziada. Droni yetu, kama nyingi za aina yake, huhesabu urefu wa kila kituo kuanzia pale iliporukia. Ngazi zilikuwa juu kuliko mchanga wa asubuhi, basi njia nzima ikapanda nazo. Hakuna kilichoharibika. Mashine ilifanya tulichoiambia, na sisi ndio hatukujua tumeiambia nini.

Chini ya mwembe mambo yalikuwa mafupi. Mzunguko wa kujiendesha ulikutana na matawi, droni ikasimama, ikasogea, ikasimama, na picha ikawa ya kigugumizi. Rubani alipiga kwa mkono, mara tano, na ya tano ndiyo iliyoingia kwenye filamu.

Siku ya pili: baharini

Tuliondoka saa moja asubuhi. Fundi na mwanawe walikuwa kwenye ngalawa yao. Mwongozaji, rubani na mimi tulikuwa kwenye mashua ya injini, na usukani alishika mzee mmoja wa kijijini ambaye nitamwita Nahodha. Rubani aliirusha Kubwa kutoka kwenye ubao wa mbele wa mashua, tukaisogelea ngalawa, akachora kisanduku kuizunguka, droni ikaanza kufuata.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa za raha. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ikiyumba, tanga limejaa, mwana wa Fundi amekaa ukingoni anapakua maji kwa kata. Tatizo pekee lilitokea tuliposhuka mita mbili juu ya maji, droni ikawa inapanda na kushuka kama inapumua. Vihisi vya chini husoma umbali na mwendo kwa kutazama kilicho chini yake, na wimbi halitulii hata sekunde moja likasomeka. Rubani akapanda hadi mita nane, ikatulia.

Kisha ngalawa ikabisha. Fundi aligeuza upande, na kwa muda tanga likawa limeelekezwa kwetu kwa ubavu mwembamba. Kwenye skrini ile pembetatu nyeupe kubwa ilinywea ikawa kama mstari wa chaki. Wakati huo huo, nyuma yake, ikapita ngalawa nyingine inayotoka kuvua usiku, tanga limefunguka lote. Kisanduku kikahamia huko.

Mimi sikuiona skrini. Niliiona droni angani ikielekea kaskazini na Fundi akienda mashariki.

"Kaka, ndege inaondoka," nikasema.

"Haiondoki, ninayo hapa katikati."

Na kweli katikati ya skrini kulikuwa na tanga jeupe. Jua lilikuwa kali, rubani ameinamia rimoti chini ya kofia. Nahodha aliacha usukani kidogo, akainama naye, akatazama kama sekunde mbili.

"Huyo si Fundi, mwanangu. Tanga hilo lina kiraka cha buluu pembeni. Huyo anakwenda zake kwao."

Rubani akakata ufuatiliaji. Betri ilikuwa asilimia 31, droni iko mbali, na kurudi kwetu kulitaka kupambana na upepo. Akiwa bado anatafuta mwelekeo, tahadhari ikalia: betri iliyobaki inatosha kurudi nyumbani tu. Hesabu ya sekunde ikapita bila mtu kubonyeza chochote, droni ikapanda mita 60 tulizokuwa tumeziweka tukiwa uwanjani, ikaanza kurudi.

Mwongozaji akashusha pumzi. "Afadhali, inarudi yenyewe."

Ilikuwa inarudi, ila si kwetu. Nyumbani, kwa droni, ni pale iliporukia, na pale iliporukia palikuwa maji matupu ambayo mashua ilishayaacha zaidi ya dakika ishirini zilizopita. Na kule juu mita 60 upepo ulikuwa mkali kuliko chini, kwa hiyo ilikuwa inateketeza betri ili iwahi kwenda kutua baharini. Rubani alipoifungua ramani na kuona alama ya nyumbani iko kando kabisa na alama yetu, alisimamisha safari ile, akaishusha hadi mita 20, akamwambia Nahodha, "Mzee, tuifuate sisi." Nahodha hakuuliza swali. Aligeuza mashua, akafungua injini yote.

Tuliifikia. Nilinyoosha mkono kuidaka, ikanikimbia. Vihisi vyake viliuona mkono wangu ni kizuizi. Nikanyoosha tena, ikakimbia tena. Rubani akazima ukwepaji wa vizuizi, akaishusha juu ya kiganja changu, akashikilia kijiti chini mpaka propela zikasimama. Betri ilibaki asilimia 11. Kama ingeshuka hadi kiwango cha hatari, ingeanza kutua yenyewe pale pale ilipo, na pale ilipo ni bahari.

Tulirudi pwani bila kurusha tena siku hiyo.

Kikao cha usiku

Rubani alitaka tuache kila kitu cha kujiendesha na kurusha kwa mkono tu. Ninamwelewa, mikono yake ilikuwa bado inatetemeka alipokuwa anakula. Mwongozaji alitaka tujaribu tena vile vile, kwa kuwa klipu za dakika kumi za kwanza zilikuwa nzuri kuliko alivyotegemea. Mimi nilifungua daftari ukurasa mpya, nikaacha kuuliza ipi ni bora. Nikauliza kila uwezo umejishika na nini, na ukiteleza nani analipa.

Kufuata kumejishika na picha: rangi na umbo la kitu mbele ya kamera. Baharini matanga yanafanana na umbo hugeuka kila ngalawa inapobisha. Kikiteleza, droni nzima huondoka. Njia iliyohifadhiwa imejishika na GPS na urefu wa pale uliporukia, na ikiteleza unapata shoti isiyolingana, basi. Kurudi nyumbani kumejishika na alama moja kwenye ramani, na kama wewe mwenyewe umehama, alama hiyo ni mtego. Ukwepaji wa vizuizi umejishika na kuona, na demani, kamba ya kuvutia tanga, ni nyembamba mno kutegemea kwamba itaonekana.

Kulikuwa na uwezo mmoja ambao uwanjani hatukuupa hata mstari: ule ambao kamera peke yake inashikilia kitu na kujigeuza kukitazama, huku mtu ndiye anayeendesha droni. Tuliuona wa kizamani, nusu ya kazi. Lakini ukiteleza, kamera tu ndiyo hugeukia tanga jingine. Droni inabaki mikononi mwa mtu.

Uamuzi wa usiku ule: baharini kamera ishikilie, rubani aendeshe. Urefu wa kurudi nyumbani ushushwe hadi mita 25, maana hapakuwa na kitu kirefu kuliko mlingoti. Mawasiliano yakikatika, droni isirudi popote, isimame hewani, kwa sababu sisi tuna injini na tunaweza kuifuata. Alama ya nyumbani ihamishiwe kwenye rimoti mara kwa mara, na kazi ya kukumbusha ikawa yangu. Betri ikifika asilimia 40, turudi. Na Nahodha apewe skrini ya pili, simu ya Mwongozaji iliyounganishwa kuonyesha picha ile ile, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweza kutofautisha tanga na tanga.

Siku ya tatu

Asubuhi tuliwahi kabla kusi haijakaza. Kila dakika tatu nilipaza sauti "Nyumbani!" na rubani akabonyeza. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya kumi hakuna aliyecheka, ilikuwa kama kuhesabu pumzi. Ngalawa ilibisha mara nne. Mara mbili kamera ilipoteza tanga, na mara zote mbili Nahodha ndiye aliyesema kwanza: "Imemwacha." Rubani alichora kisanduku upya, droni haikuwa imekwenda popote.

Ndogo nayo ilipata kazi kwa dakika sita upepo ulipotulia. Tuliiacha ifuate, makusudi. Ngalawa ilipobisha ikaipoteza, ikasimama, ikasubiri, kama kwenye mkorosho wa pili.

Mchana na jioni tulirudia shoti ya ufuo. Safari hii tuliweka ubao sehemu ambayo maji ya bamvua hayafiki, tukautia alama ya chokaa, na droni ikaruka kwenye ubao huo nyakati zote mbili. Minazi ikakutana. Ilibaki tofauti ya upande kama mita moja hivi, ambayo niliiondoa kwa kukuza picha kidogo.

Matokeo

Filamu ilikabidhiwa kwa wakati. Shoti za angani zilizoingia ni kumi na nne. Nane ni za kamera kushikilia na mtu kuendesha, tatu ni za njia iliyohifadhiwa, mbili ni za mkono mtupu, na moja tu ni ya kufuata kwa kujiendesha, kutoka kwenye zile dakika kumi za raha. Droni zote zilirudi. Hasara ilikuwa siku moja kasoro saa moja, mafuta ya mashua, na posho ya ziada kwa Fundi na mwanawe kwa kurudia kazi.

Uchambuzi

Kosa la rubani la kutofuta safari ya kurudi kwa wakati lilikuwa la sekunde chache, na mtu yeyote aliyewahi kushika rimoti huku tahadhari inalia atamwelewa. Kosa kubwa lilifanyika wiki moja nyuma, penye nyasi, na lilikuwa letu sote. Tulipima kwa kuuliza nani hukamata tena haraka. Kubwa ilishinda kwa sababu ina hamu ya kukamata tena, na hamu hiyo hiyo ndiyo iliyoirukia ngalawa ya pili. Ndogo ilishindwa kwa sababu ikipoteza husimama, na juu ya maji kusimama ndilo jambo unaloliombea. Ningepima leo, safu ya kwanza kwenye daftari ingekuwa "ikikosea inafanya nini," na alama za kufuata vizuri zingekuja baadaye.

Kuna jambo la pili ambalo naliona zito kuliko la kwanza. Kila uwezo uliojiendesha ulimwondoa mtu mmoja kwenye kuangalia. Rubani aliacha kuangalia mwelekeo kwa kuwa droni inafuata, Mwongozaji akaacha kuangalia betri kwa kuwa droni inarudi. Mimi niliyekuwa naangalia angani nilisema, nikajibiwa, nikanyamaza. Hilo nalijutia. Msaidizi akisema ndege inaondoka, kazi ya kwanza ni kusimamisha, ubishi baadaye, na sasa tumekubaliana hivyo kabla ya kila safari.

Njia iliyohifadhiwa ndiyo iliyotulipa zaidi ya zote, ingawa kwenye matangazo haipigiwi kelele sana. Shoti ya maji makavu na maji kujaa isingewezekana kwa mkono. Kwa anayepiga pwani, ushauri wangu ni angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kuchagua pa kurukia, usije ukachagua sakafu ambayo bahari itaichukua.

Tulichofanya sawa tangu mwanzo ni kuwa na mashua yenye injini na mtu anayeijua bahari ile. Bila Nahodha, klipu ya mwisho kwenye kadi isingekuwepo kwa sababu kadi yenyewe ingekuwa chini ya maji.

Kilichobaki

Ile sehemu ambayo droni ilimfuata mvuvi mwingine ina urefu wa sekunde arobaini, na ni nzuri. Mwongozaji aliitaka. Lakini mtu yule hakuwa amekubali kupigwa picha, na tusingejua hata pa kumtafuta kama si kile kiraka cha buluu. Nahodha alitupeleka kwake jioni ya siku ya tatu, kijiji cha jirani. Tukamwamkia, tukamweleza ilivyokuwa, tukamwonyesha kwenye simu. Aliitazama mara mbili. Akasema picha si mbaya, ila asubuhi ile hakupata samaki na hapendi watu waone ngalawa yake ikirudi tupu. Hatukuitumia. Kabla hatujaifuta aliomba itumwe kwanza kwenye simu ya mwanawe, nasi tukaituma.